Maji ya Vyombo

Kiogoro, Jumanne, 14 Januari

Mokua,

Leo maji ya mfereji yamekuja alfajiri yakakatika kabla hatujanywa chai. Kuanzia sasa yatakuja Jumanne peke yake mpaka mvua inyeshe. Mtu wa kamati ya maji amepita akibandika tangazo kwenye milango ya maduka: ni marufuku kumwagilia shamba, kuosha pikipiki, kukoroga saruji. Atakayeonekana akipeleka maji ya mfereji kwenye migomba atakatiwa kabisa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ulinichumbia kwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Ekegusii kama watu wote, lakini barua zako zilikuwa za Kiswahili cha shule, herufi zote zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua kubwa. Mchungaji husema waliolala hawajui neno lolote. Najua. Siandiki ili usome. Naandika kwa sababu jioni huwa nina mambo ya siku na sina wa kumwambia.

Tuko watatu. Mimi, Lorna ambaye sasa ameingia kidato cha pili, na mama yako katika nyumba yake ile upande wa chini wa jiko. Ana afya. Bado anachagua maharagwe mwenyewe kwa kuwa hamwamini mtu mwingine kuona mawe.

Hapa kwetu tulizoea mvua ya alasiri kama mtu anavyozoea kivuli chake. Ndiyo maana karibu hakuna mwenye tangi. Ya mwisho ilinyesha kabla ya Krismasi, kidogo tu, ikalaza vumbi na kwenda.

Ijumaa, 17 Januari

Tumekoga kwa karai moja, mimi baada ya Lorna. Hakuna habari nyingine.

Jumapili, 19 Januari

Nimepata njia. Maji yanayosuuza mboga yanaosha vyombo. Yanayoosha vyombo yanakwenda kwa migomba. Ya kukoga yanapiga sakafu deki, kisha nayo yanakwenda kwa migomba. Masufuria nasugua kwa majivu, kwa maana sabuni inachoma mizizi. Marufuku ni ya maji ya mfereji, na haya yakishapita mikononi mwetu mara mbili sidhani kama kamati bado inayatambua.

Nimechukua jembe nikachimba mfereji mdogo wa udongo kutoka jikoni hadi upande wa kulia wa nyumba, ulipolazwa wewe. Migomba ya huko ndiyo inayotulisha na ndiyo inayonipeleka Daraja Mbili sokoni. Ule ulio karibu na miguu yako ndio mnene kuliko yote. Nilipokuwa nachimba nilikumbuka ulivyokuwa ukishika jembe, kidole gumba juu ya mpini, na mama yako akikuambia kwamba hivyo ndivyo wanaume wavivu wanavyolima. Naye leo alikuwa ameketi mlangoni kwake na maharagwe. Alinitazama akasema tu kwamba udongo umekuwa kama unga.

Alhamisi, 23 Januari

Daraja Mbili. Mikungu imekonda na wanunuzi wanaitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Jirani yangu wa soko, Samsam, anayeuza nguo za mitumba, alinicheka nilipomweleza habari ya karai moja. Wazazi wake walitoka upande wa Wajir. Akasema, "Nyinyi Wakisii mvua iliwadekeza. Siku mbili bila mvua mnaita mchungaji. Kwetu mtoto anajifunza kushika birika kabla ya kushika kalamu."

Baadaye, saa ya sala, nilimwangalia akinawa kwa birika lake dogo. Mikono, mdomo, uso, kichwa, miguu, na maji yakabaki. Nikaona kosa letu: sisi tunachovya mikono katika maji, naye anamimina. Maji ya kuchovya yanachafuka yote mara moja. Nimerudi nyumbani nikatoboa tundu dogo kwenye kopo na kulitundika nje ya jiko. Lorna anaona aibu wageni wakiliona.

Sabato, 25 Januari

Mzee Bosire alihubiri juu ya Eliya na kijito kilichokauka. Kanisa lilikuwa kimya kuliko siku zote. Mama yako alilala kidogo begani kwangu.

Jumanne, 28 Januari

Maji yalikuwa membamba kama uzi. Tulijaza nusu ya vyombo.

Ijumaa, 31 Januari

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa sokoni tangu asubuhi. Lorna aliosha vyombo kabla ya kwenda shule, akamwaga maji kwenye mfereji wa udongo kama nilivyomfundisha. Kumbe kuku walikuwa wamechakura ukingo wake ukabomoka. Unajua kaburi lako limedidimia tangu mvua za Oktoba. Ndugu yako Makori alisema tungoje limalize mwaka mzima ndipo tuweke saruji. Basi maji yaliacha njia yakaingia hapo, yakatuama. Hayakuwa ya leo peke yake. Chini yalikuwa na utelezi, kwa hiyo yalianza siku kadhaa na mimi sikuona. Naondoka na giza na kurudi na giza.

Nilipofika niliona kuku wamesimama juu yako. Walikuwa wanadonoa makombo ya ugali na majani ya mboga ya chinsaga. Na mama yako alikuwa amesimama kando, ameshika lesso yake kifuani kwa mikono miwili, kama siku ile tulipokuzika.

Nilifukuza kuku. Nikapiga magoti nikaanza kuteka yale maji kwa viganja. Nilisema ni ukingo umebomoka, ni kuku, sikujua. Alingoja nimalize kusema. Kwa kawaida ananiita Mama Lorna. Leo aliniita kwa jina langu.

"Bochaberi, mwanangu alikufa na kiu. Na wewe unamnywesha maji ya vyombo."

Anasema kweli. Ugonjwa ulipokufunga koo, wiki zile za mwisho, ulikuwa ukitazama kikombe cha mwenzako mpaka anaona haya kunywa. Tulikulowesha midomo kwa pamba. Yeye ndiye alikuwa akishika pamba usiku na mimi mchana, na siku moja uliing'ata ukakataa kuiachia. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayebeba jambo hilo.

Aliniambia niache kugusagusa hapo. Akaingia kwake.

Sabato, 1 Februari

Mama yako ameketi benchi la mbele na kina mama wa zamani. Mimi na Lorna tulikaa peke yetu.

Jumapili, 2 Februari

Nimeuziba mfereji wa udongo. Tumebeba udongo mkavu kutoka juu ya shamba kwa karai, tumekujaza, tumekusawazisha, na pembeni nimepanga mawe ili kuku wasipite. Lorna alikuwa na hasira. Alisema, "Mama, si mnasema wafu hawajui kitu? Huo ni udongo tu." Nikamwambia abebe karai. Akabeba, lakini alikuwa akiliweka chini kwa kishindo.

Mama yako hakutoka nje. Nilijua yumo kwa sababu ya kikohozi.

Jumatano, 5 Februari

Hanywi tena chai kwetu. Nikimpelekea chakula anashukuru vizuri, kama mgeni, na sahani inarudi nusu. Leo Lorna amemsikia akimpigia simu Makori aje amchukue. Atakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita akishatayarisha chumba huko Birongo.

Watu watasema nimemfukuza mama mkwe. Waseme. Si hilo linaloninyima usingizi. Makori ni mtu mwema lakini alikuwa mdogo, hakukujua ukiwa mtoto. Ni mama yako peke yake anayejua kwamba ulikuwa ukiogopa bata mzinga mpaka ukaenda shule kwa njia ya mzunguko. Ndiye anayejua ulivyocheka kabla sauti yako haijavunjika. Amekuwa akinipa mambo hayo moja moja jioni, tukiwa tunamenya viazi, na bado hajayamaliza. Akienda, ataondoka na nusu yako ambayo mimi sina pa kuipata.

Sabato, 8 Februari

Nilimwomba Mzee Bosire aje aseme naye. Alikuja baada ya ibada, na Biblia yake. Alisoma mahali pale katika Mhubiri kwamba walio hai wanajua watakufa, lakini wafu hawajui neno lolote. Alieleza kwa upole, hakumhukumu mtu. Alisema Mokua amepumzika, hakuna maji safi wala machafu yanayoweza kumfikia, na si vizuri nyumba ivunjike kwa jambo ambalo mwenyewe halijui.

Mama yako alisikiliza mpaka mwisho. Ana heshima kwa Neno. Kisha akasema, "Ni kweli, Mzee. Yeye hajui. Lakini mimi sijafa, mimi najua."

Bosire alifunga Biblia. Aliomba, fupi, akaondoka. Nilipomsindikiza hadi barabarani hakusema kitu isipokuwa kwamba jua ni kali.

Jumanne, 11 Februari

Maji yamekuja. Nimempelekea mama yako mtungi wake kabla ya kujaza wetu. "Weka hapo," alisema.

Alhamisi, 13 Februari

Lorna alinivuta asubuhi nikitafuta kiatu. Akanionyesha dirishani. Mama yako alikuwa anatembea polepole na kikombe cha bati, amekishika kama mtu aliyebeba uji wa moto. Alifika upande wa kichwa chako, akainama kwa shida, akamimina. Hakumwaga, alimimina kidogo kidogo, akingoja udongo umeze. Kisha akapangusa kikombe kwa lesso, akarudi, akaja na kingine.

Lorna alisema, "Sisi tunakoga kwa kopo lenye tundu na Nyanya anamwaga maji ya kunywa chini." Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Moshi haujatoka jikoni kwake tangu juzi, na midomo yake imepasuka.

Alipokwenda kulala mchana niliingia nikanyanyua mtungi wake. Ulikuwa mwepesi. Sufuria zake zilikuwa kavu, na hata kikombe cha chai kilikuwa na vumbi. Maji yote yamekuja kwako, Mokua. Hajajiachia chochote.

Nilimimina nusu ya mtungi wetu katika wake. Nilitaka kumwambia anywe. Niliogopa atasema namhesabia, nikatoka.

Ijumaa, 14 Februari

Majani ya migomba yamejikunja. Amemimina tena. Vikombe viwili nilivyoviona.

Sabato, 15 Februari

Hakutoka kwenda kanisani. Niligonga, sikusikia jibu. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, lesso ya kanisa mabegani, kiatu kimoja mguuni. Alinitambua, lakini maneno yake yalikuwa mazito kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Lorna alikimbia kuita bodaboda. Nilipanda nyuma nimemkumbatia, na uzito wake ulikuwa wa mtoto.

Muuguzi wa zahanati alimvuta ngozi ya mkono na ngozi ikabaki imesimama. Akaniuliza kwa nini mzee huyu hanywi maji. Akanipa pakiti za chumvi za kukoroga na maji, akasema anywe kidogo kidogo mpaka jioni, akishindwa tumrudishe atundikiwe maji.

Tulirudi. Nilimlaza kitandani kwangu, upande wako. Nikakoroga ile dawa katika maji yaliyochemshwa na kupoa, nikamwekea mdomoni. Alifunga midomo. Nikamwomba. Lorna akamwomba. Alisema, "Nikinywa hayatafika Jumanne." Nikamwambia yapo, nikafungua mtungi wetu aone. Akageuza uso ukutani.

Niliketi hapo na kikombe mkononi. Nilikuwa nimeogopa kama siku zako za mwisho, ila wakati ule ulitaka na ukashindwa, na huyu anaweza na hataki. Nilifikiria maneno ya Bosire. Nilifikiria kumwambia ni dhambi kujiua. Kisha niliacha kufikiria, nikasema nililokuwa nalo.

"Mama, wewe umekuwa ukimpa maji yako. Mimi ndiye mke wake. Ni mimi niliyepaswa kumpa."

Hakugeuka, lakini aliacha kupumua kwa nguvu.

"Kuanzia sasa kikombe chake kitatoka kwenye mtungi wangu," nikasema. "Kila asubuhi. Chako unywe wewe."

Kisha akauliza ukutani, "Maji safi?"

"Safi. Kabla sijagusa sahani yoyote."

"Sio ya kuteka na mkono uliopika."

"Nitanawa kwanza."

Aligeuka. Nilimwinua kichwa, akanywa kidogo, akakunja uso kwa sababu ya chumvi, akanywa tena. Lorna alikuwa mlangoni, amefunika mdomo. Kikombe kilipoisha mama yako alinishika mkono akasema, kwa sauti ndogo kama anayeniambia siri ya watu wazima, "Hajui, mwanangu. Najua hajui. Lakini umpe."

Nikamwambia nitakupa.

Jumapili, 16 Februari

Amelala vizuri, na asubuhi amekunywa uji. Nami nilitimiza. Nilinawa, nikachukua kikombe, nikaja kwako. Nikamimina kidogo kidogo. Udongo ulimeza haraka sana.

Makori alifika kabla ya jua kuwa kali, na gari la rafiki yake, na godoro limefungwa juu. Nilikwenda nyuma ya jiko ili nisione akipakia. Nilisikia mama yako akimwita kutoka kitini, akimwuliza kama amekuja na mikono miwili. Makori alicheka akasema ndiyo. Akamwambia basi achukue jembe.

Nilichungulia. Alikuwa amesimama na fimbo, Lorna amemshika kiwiko, anaonyesha kwa fimbo ardhini. Alitaka mfereji mpya wa udongo, kutoka jikoni kushuka hadi upande wa kushoto wa nyumba yake, ambako pia kuna migomba na inakufa. Makori alianza kuchimba, halafu akasimama. Unajua kwa nini. Baba yenu yuko upande wa kulia wa nyumba ile. Kushoto huzikwa mwanamke.

"Mama," Makori akasema, "hapa ni..."

"Ni pangu. Nani asiyejua? Ndiyo maana nasema mpitishe hapa." Akapiga fimbo chini. "Mimi nimeosha vyombo maisha yangu yote, maji hayo tunajuana. Mkishaniweka yaleteni tu, sitasema neno. Ndizi zikue, watoto wale."

Makori aliegemea jembe, akainamisha uso.

"Chimba," akamwambia. "Utalia ukimaliza."

Alichimba mpaka adhuhuri. Tulikula pamoja, sote wanne, ugali na chinsaga, na maji ya kunawa yalikwenda kwenye mfereji mpya, na mama yako alisimama kuyatazama yakifika. Makori aliondoka na godoro lake juu ya gari vilevile lilivyokuja. Hakuna aliyetaja Birongo.

Jumanne, 18 Februari

Maji yamekuja vizuri. Tumejaza yote.

Jumatatu, 24 Februari

Lorna ameniuliza kama ninachofanya asubuhi ni dhambi. Nikamwambia sijui. Akauliza kama wewe unajua ninachofanya. Nikamwambia hapana. Alifikiri. Kesho, akasema, atanawa yeye abebe kikombe, kama nimechelewa soko. Sijachelewa soko hata siku moja, naye anajua.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu upande wa Nyamira. Hakuna kitu. Samsam amesema nisiyatazame, mawingu yakitazamwa yanaona haya.

Jumatano, 12 Machi

Imenyesha.

Jumapili, 16 Machi

Imenyesha kila alasiri tangu ile siku, na kamati imetangaza kwamba maji ya mfereji yatarudi kila siku. Tumeanza kupanda mahindi. Jioni nachoka, sitaandika tena kwa muda.

Leo asubuhi nilichukua kikombe kwa mazoea. Mama yako alikuwa mlangoni kwake na maharagwe. Akaniambia, "Acha sasa, Mama Lorna. Mungu anampa mwenyewe." Nikasimama na kikombe. Sikutaka kukirudisha mtungini na sikutaka kukimwaga. Nikampa yeye, akanywa, akaendelea na mawe yake. Baadaye, tukimenya viazi, alinieleza jinsi ulivyotaka kumwoa shangazi yako ulipokuwa na miaka minne. Sikuwa nimelisikia hilo.

Mzee Bosire hakuniuliza habari ya kikombe, ingawa Kiogoro nzima inajua. Jana aliomba kwa ajili ya wajane na kwa ajili ya kina mama waliozika watoto, akatutaja pamoja kama kitu kimoja.

Umelala, Mokua, na hujui lolote kati ya haya. Ni sawa. Asubuhi ile ya ufufuo utakapoamka utatukuta wengi hapa uwanjani. Mama yako atakuwa ametoka karibu tu, kutoka ng'ambo ya jiko, na atataka kukushika yeye kwanza. Nitamwachia. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake. Nikumbuke.